Ndevu Nyekundu

Jina la kuzaliwa mtu hupewa na wazazi wake, kwa nia njema na kwa dua. Lakabu hupewa na wengine, tena mara nyingi bila kuulizwa, na wanaompa si lazima wawe wanampenda. Ndiyo maana mimi huamini kwamba anayetaka kujua watu walimwonaje mtawala fulani asianzie kwenye vyeo vyake, kwa kuwa vyeo alijipachika mwenyewe au alipachikwa na wapambe. Aanzie kwenye jina walilomwita alipokwisha kuwapa kisogo.

Katika historia ya Ulaya ipo lakabu moja ambayo imenishughulisha kwa muda mrefu, kwa sababu imetembea kuliko wenyewe walioitwa kwayo. Ni neno la Kiitalia: Barbarossa. Halina fumbo. Barba ni ndevu, rossa ni nyekundu. Mtu mwenye ndevu nyekundu, basi. Lakini neno hilo jepesi limekuwa tusi katika mji mmoja na sifa katika mji wa jirani. Limevaliwa na Mkristo aliyekwenda kupigana na Waislamu na likavaliwa na Mwislamu aliyepigana na Wakristo. Likaandikwa ubavuni mwa manowari, na mwishoni likabandikwa juu ya mpango wa vita ambayo haikuwa na mfano kwa mauaji. Na katika safari hiyo yote halikutafsiriwa. Mjerumani analo neno lake la ndevu nyekundu, Rotbart, na Mturuki hakosi la kwake, lakini wote wawili walilichukua la Kiitalia kama lilivyo.

Kwanza tuseme kidogo juu ya wekundu wenyewe. Huku kwetu pwani mzee mwenye ndevu nyekundu ni mtu aliyetia hina, na hina ni pambo na heshima. Ulaya ya zamani mambo yalikuwa kinyume. Nywele nyekundu zilitiliwa shaka; wachoraji wengi walimchora Yuda Iskariote akiwa na nywele za rangi hiyo, na watu wakaamini kwamba mwenye nywele hizo ana moyo wa hila. Imani hiyo haikufa upesi. Mwaka 1878 mwandishi wa Sicilia, Giovanni Verga, alitoa hadithi fupi juu ya kijana mchimba mchanga ambaye watu wote, hata mama yake mzazi, walimwona mbaya kwa sababu ya nywele zake, na jina lake la kuzaliwa karibu lisahaulike. Hadithi inaitwa kwa lakabu yake, Rosso Malpelo, yaani mwekundu wa nywele mbaya. Kwa hiyo Mwitalia wa karne ya 12 au ya 13 aliposema "ndevu nyekundu", hakuwa anaeleza rangi tu kama anayeeleza rangi ya ng'ombe. Alikuwa ameweka na pilipili kidogo.

Aliyeitwa hivyo kwanza kwa umaarufu ni Friedrich wa Kwanza, wa ukoo wa Staufen, aliyezaliwa yapata mwaka 1122, akachaguliwa kuwa mfalme wa Wajerumani mwaka 1152, na kuvikwa taji la ukaisari mjini Roma mwaka 1155. Waandishi waliomwona kwa macho wameacha maelezo ya sura yake. Rahewin, aliyeiendeleza historia ya matendo ya mfalme huyo, anasema nywele zake zilikuwa za manjano na ndevu zake zilielekea wekundu. Acerbo Morena wa mji wa Lodi naye anasema nywele zilikuwa kama nyekundu, za mawimbi. Haya si maneno ya kupuuzwa, ingawa wanahistoria wametuonyesha kwamba Rahewin aliazima sehemu za picha hiyo kutoka kwa waandishi wa kale waliowasifu wafalme wengine. Kumsifu mfalme kwa maneno yaliyokwisha kumsifu mwingine ni desturi ambayo haijakoma mpaka leo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika nyaraka zake mwenyewe hakuna Barbarossa. Humo ni Fridericus, Kaisari wa Warumi kwa neema ya Mungu. Lakabu ilikuja kuwa sehemu ya jina lake katika karne ya 13, na ilianzia Italia. Sababu moja ni ya kawaida kabisa: mjukuu wake naye aliitwa Friedrich, naye akawa Kaisari (1194–1250), na watu walihitaji njia ya kuwatofautisha babu na mjukuu. Lakini kwa nini Waitalia ndio walioishika alama hiyo ya uso? Kwa sababu, nadhani, wao walikuwa na sababu ya kuukumbuka uso huo.

Alikwenda Italia na majeshi au na msafara mara 6 kati ya 1154 na 1186. Miji ya kaskazini, Milano ikiwa mbele, ilikuwa imetajirika kwa biashara na imezoea kujichagulia viongozi wake. Kaisari alitaka kodi, haki ya kutoza ushuru wa njia na mito, na haki ya kuteua watawala. Mwaka 1159 aliuzingira mji mdogo wa Crema, rafiki wa Milano. Wakati wa mazingira hayo wafungwa na mateka wa Crema walifungwa kwenye mnara wa mbao uliokuwa unasukumwa kuelekea ukuta, ili watu wa mji wasithubutu kuupiga kwa mawe. Waliupiga. Wazazi waliurushia mawe mnara waliofungwa watoto wao. Mji ulianguka mwanzoni mwa 1160. Mimi kila ninapofika kwenye ukurasa huo hufunga kitabu kidogo kabla sijaendelea.

Milano yenyewe ilisalimu amri Machi 1162, viongozi wake wakija mbele ya Kaisari huku panga zikiwa zimening'inia shingoni mwao. Watu wakaamriwa kutoka, na mji ukabomolewa. Lakini hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule vya Italia havikulipenda sana. Waliobomoa, mtaa kwa mtaa, hawakuwa Wajerumani peke yao. Walikuwa watu wa Lodi, wa Como, wa Cremona, wa Pavia, wa Novara, majirani wa Milano, kila mji ukigawiwa sehemu yake ya kuangusha. Nao walikuwa na kisa chao. Milano iliuteketeza mji wa Lodi mwaka 1111, na ikarudi kuuharibu tena mwaka 1158. Aliyewapa watu wa Lodi mahali papya pa kujenga, mwaka huohuo wa 1158, alikuwa Friedrich. Basi ukitaka kujua maana ya lakabu hii, lazima uulize kwanza anayeitamka anatoka wapi. Lodi na Milano haziachani hata kilometa 40. Upande mmoja Barbarossa ni mbomoaji. Upande wa pili ni mwanzilishi wa mji, na hapana mtu wa Lodi anayeona haya kumtaja.

Dante naye, akiandika mwanzoni mwa karne ya 14, anamtaja kwa lakabu hiyohiyo, na anaitanguliza na neno la kumwita mwema, huku akisema kwamba Milano bado inamzungumza kwa maumivu. Wataalamu wamebishana kama wema huo ni wa kweli au ni kejeli. Dante alitamani Kaisari mwenye nguvu wa kuipatanisha Italia, kwa hiyo mimi nasadiki alimaanisha. Lakini kule kuweka wema na maumivu mahali pamoja kunaonyesha kwamba, miaka 150 baada ya mji kubomolewa, jina lilikuwa tayari na pande mbili.

Mambo ya lakabu hayakuwa ya upande mmoja. Mwaka 1168 miji iliyoungana dhidi ya Kaisari ilianzisha mji mpya katika tambarare ya Piemonte, na ili kumkera ikaupa jina la adui yake, Papa Alexander wa Tatu: Alessandria. Nyumba zilikuwa za haraka, na walioudharau wakauita Alessandria wa majani makavu, yaani mji wa mabua. Kaisari akauzingira kuanzia mwaka 1174, baridi yote, na mwezi Aprili 1175 akaondoka bila kuuchukua. Watu wa pale wana ngano yao juu ya mzee mmoja, Gagliaudo, aliyelisha ng'ombe wake nafaka ya mwisho iliyobaki mjini, kisha akamtoa nje ya lango. Askari wakamchinja, wakakuta tumbo limejaa nafaka, wakasema: ikiwa ng'ombe wao wanakula hivi, wao wenyewe wana akiba ya miaka mingapi? Wakavunjika moyo. Hiyo ni ngano, lakini lile jina la mabua wenyeji wamelikumbatia. Umberto Eco, aliyezaliwa Alessandria mwaka 1932, alikisimulia kisa hicho upya katika riwaya yake Baudolino ya mwaka 2000, na humo Barbarossa ni mzee wa kupendeka, baba wa kulea wa kijana wa kijijini. Mwana wa mji ule ule uliomshinda ndiye aliyemwandika kwa mapenzi.

Tarehe 29 Mei 1176, karibu na Legnano, askari wa miji walisimama kulizunguka gari lao la ng'ombe lenye msalaba na bendera, wakawashinda wapanda farasi wa Kaisari. Yeye mwenyewe aliangushwa, watu wakadhani amekufa, hata alipojitokeza Pavia siku chache baadaye. Mwaka 1177 alipiga magoti mbele ya Papa huko Venezia, na mwaka 1183, kwa mkataba wa Konstanz, akakubali miji ijitawale kwa sehemu kubwa, nayo ikabaki kumtambua kuwa bwana wao.

Vita ile ya asubuhi moja ilikuja kuliwa na wajukuu kama akiba ya ghalani. Katika karne ya 19, Waitalia walipotaka kuwaondoa Waaustria, Barbarossa akageuka kuwa Mwaustria. Goffredo Mameli aliitaja Legnano katika wimbo alioutunga mwaka 1847, ambao leo ndio wimbo wa taifa. Giuseppe Verdi alitoa opera juu ya vita hiyo, ikachezwa Roma Januari 1849, siku chache kabla ya jamhuri kutangazwa pale. Kisha Italia ikaungana, Waaustria wakaondoka, na ungefikiri Barbarossa angepumzishwa. Wapi! Mwaka 1984 Umberto Bossi alianzisha chama cha Lombardia kilichotaka kaskazini ijitoe chini ya mkono wa Roma, kikachukua jina la muungano wa miji ya karne ya 12 na sura ya Alberto da Giussano, shujaa wa Legnano ambaye wanahistoria wengi wanaamini hakupata kuishi. Barbarossa sasa akawa ni serikali ya Roma, watoza kodi wa mji mkuu. Mwaka 2009 ikatoka hata filamu yenye jina lake. Neno ni lilelile, ndevu ni zilezile, anayebadilika ni yule anayenyoshewa kidole.

Sasa tuvuke bahari. Mwanzoni mwa karne ya 16 Waitalia wa pwani waliipata Barbarossa nyingine, na hii waliitamka kwa sauti ya chini. Walikuwa ndugu wa kisiwa cha Lesbos, watoto wa Yakup, askari aliyepewa ardhi pale: Ishak, Oruç, Hızır na Ilyas. Oruç alikuwa mkubwa wao baharini. Alipoteza mkono mwaka 1512 akiishambulia ngome ya Wahispania huko Bejaia, akaitwaa Algiers mwaka 1516, akauawa mwaka 1518 karibu na Tlemcen. Hızır akairithi kazi, na akairithi lakabu.

Juu ya asili ya lakabu hiyo kuna maelezo mawili. La kwanza ni lile jepesi, kwamba Oruç alikuwa na ndevu nyekundu. La pili linapendeza zaidi. Linasema Oruç aliwavusha Waislamu wengi waliokuwa wakikimbia mateso Hispania, wakamwita kwa shukrani Baba Oruç, na mabaharia wa Kikristo, waliposikia "Baba Oruç", masikio yao yakalifanya neno walilokwisha kulizoea. Mswahili hahitaji kueleweshwa neno baba hapo. Sina haja ya kuchagua kati ya maelezo haya mawili, kwa sababu yote yanaweza kuwa kweli pamoja: masikio huvuta neno geni kuelekea neno linalofahamika, na kama ndevu nazo zilikuwa za rangi ile, nani angelizuia? Ila ona tofauti. Neno la mtoto anayemshukuru mzazi, likivuka upande wa pili wa bahari ileile, linakuwa neno la kutishia watoto.

Na tishio halikuwa la bure. Hızır, aliyepewa na Waosmani jina la heshima Hayreddin, yaani ubora wa dini, alifanywa na Sultani Suleiman kuwa mkuu wa majeshi ya bahari. Mwaka 1534 alizipiga pwani za Italia, kisha akautwaa mji wa Tunis. Mwaka 1544 aliwachukua utumwani maelfu ya watu wa kisiwa cha Lipari, karibu wakazi wote. Tarehe 28 Septemba 1538, huko Preveza, alikuwa amekwisha kulishinda jeshi la bahari la muungano wa Wakristo chini ya Andrea Doria wa Genova. Waliofunga makasia upande wa Wakristo nao walikuwa na watumwa wao Waislamu, hilo lazima lisemwe, maana bahari ile ilikuwa na soko la watu pande zote mbili.

Adui mkubwa wa Hayreddin alikuwa Karl wa Tano, aliyeuchukua tena mji wa Tunis mwaka 1535. Na Karl alikuwa nani? Alikuwa Kaisari wa Warumi, mwenye kiti kilekile alichokalia Friedrich. Barbarossa wa pili alipigana na mrithi wa Barbarossa wa kwanza. Kama ni mtunzi wa hadithi aliyelibuni hilo, tungemwambia amezidisha.

Waturuki wangeweza kuikataa lakabu. Ilikuwa ya adui, tena ya lugha ya adui, na Hayreddin alikuwa na jina zuri kuliko hilo. Hawakuikataa. Waliifupisha kidogo, wakamwita Barbaros, na Barbaros mpaka leo ni jina ambalo Mturuki humpa mwanawe wa kiume. Mwaka 1910 serikali ya Kiosmani ilinunua kutoka Ujerumani manowari iliyokuwa inaitwa Kurfürst Friedrich Wilhelm, ikaipa jina Barbaros Hayreddin. Nyambizi ya Waingereza iliizamisha katika Bahari ya Marmara tarehe 8 Agosti 1915. Meli ile ilizaliwa na jina la Friedrich wa Kijerumani, ikafa na lakabu ambayo Waitalia walimpa Friedrich mwingine wa Kijerumani, na kati ya mabaharia waliozama nayo sidhani kulikuwa na aliyekuwa na nafasi ya kulifikiria hilo.

Wajerumani waliichukua lakabu kwa njia nyingine, ndefu zaidi, na ilianza na kifo. Friedrich alizama katika mto Saleph, kusini mwa nchi inayoitwa leo Uturuki, tarehe 10 Juni 1190, akiwa njiani kwenda Yerusalemu na jeshi la Vita vya Msalaba. Nyama ya mwili wake ilizikwa Antiokia. Mifupa ilichukuliwa ili ipelekwe Nchi Takatifu, na haijulikani iko wapi. Mtu mkubwa asiye na kaburi ni hatari, hafi sawasawa. Kwanza ngano ya mfalme aliyelala ilikuwa ya mjukuu wake, Friedrich wa Pili, ambaye baada ya kifo chake walitokea watu kadhaa wa kujidai kuwa ndiye. Katika karne ya 16 ngano hiyo ilihama kutoka kwa mjukuu kwenda kwa babu. Ikasemwa kwamba amelala ndani ya mlima Kyffhäuser, katika Thüringen, kwenye meza ya mawe, ndevu zake nyekundu zikiendelea kukua na kuizunguka meza. Kunguru wakiacha kuuzunguka mlima, ataamka na kuirudishia Ujerumani utukufu. Ndugu Grimm waliiweka ngano hiyo katika mkusanyo wao wa mwaka 1816, na Friedrich Rückert akaitungia shairi mwaka 1817 ambalo watoto wa shule walilikariri kwa vizazi.

Heinrich Heine alijaribu kuitoboa puto hiyo. Katika utenzi wake wa safari wa mwaka 1844 anaota yuko chini ya mlima akizungumza na mzee Barbarossa, wanagombana, na hatimaye anamwambia alale tu, maana akifikiri vizuri anaona watu hawahitaji kaisari hata kidogo. Hakusikilizwa. Mwaka 1871 Ujerumani iliungana chini ya Wilhelm wa Kwanza, mzee mwenye ndevu nyeupe, na wapambe wakagundua kwamba ndevu zile nazo zina maana: wakamwita Barbablanca, ndevu nyeupe, kwa Kiitalia cha kuungaunga. Mwaka 1874 ulikwenda hadi Tyro, nchi ya Lebanon ya leo, msafara wa kuitafuta mifupa ya Barbarossa, usiipate. Mwaka 1896, kwa michango ya vyama vya askari wastaafu, ukazinduliwa mnara wa mawe wa mita 81 juu ya Kyffhäuser: chini Barbarossa anaamka, juu yake Wilhelm yuko juu ya farasi.

Mwaka huohuo wa 1896 askari wa dola hiyohiyo, Tom Prince, alikuwa Uhehe akijenga boma la Iringa na kumwinda Mkwawa. Yeye naye alikuwa na lakabu aliyopewa na watu wa huku: Bwana Sakarani. Msomaji anajua neno hilo lina maana gani, ni mlevi, mtu aliyepagawa, na ilisemwa kwamba vitani alikuwa kama mtu aliyelewa. Carl Peters kabla yake aliitwa Mkono wa Damu, na hapo hakuna utata wowote. Lakini Sakarani aliipenda lakabu yake. Alipostaafu na kuchukua shamba katika milima ya Usambara, shamba likaitwa Sakarani, na mahali pale panaitwa hivyo hata leo, ingawa mwenyewe aliuawa kwenye mapigano ya Tanga Novemba 1914 na shamba likaishia kuwa la watawa Wabenediktini. Nimewahi kuwasikia watu wakisema hiyo ni dalili kwamba wenyeji walimheshimu. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyeshindwa, asiye na bunduki tena, anabakiwa na ulimi, na ulimi unampa mshindi jina. Mshindi akiligeuza jina kuwa kibao cha shambani, amemnyang'anya hata hicho. Wahehe na Sakarani wako mbali na Milano kwa miaka 700, lakini biashara ni ileile.

Nimebakiza sehemu ninayoipenda kidogo kuliko zote. Tarehe 18 Desemba 1940 Adolf Hitler alitia sahihi agizo namba 21 la kuishambulia Urusi. Makao makuu ya jeshi yalikuwa na majina mengine ya mpango huo. Jina lililowekwa katika agizo ni Barbarossa. Lilikusudiwa kumwamsha yule mzee wa mlimani, Kaisari aliyekwenda mashariki na jeshi kubwa. Kwamba Kaisari huyo alizama mtoni kabla hajafika alikokuwa anakwenda, hakuna aliyeona vema kukumbusha. Tarehe 22 Juni 1941 askari wa Kijerumani wapatao milioni 3 walivuka mpaka. Nyuma ya jeshi vikaja vikosi vya kuwaua Wayahudi, na mamilioni ya mateka wa Kisovieti wakaachwa wafe njaa. Vita ilipomalizika Umoja wa Kisovieti ulikuwa umepoteza watu wapatao milioni 27. Siku hizi neno hilo likitajwa, katika lugha yoyote, wengi hawaoni tena ndevu za mtu. Wanaona ramani yenye mishale.

Na Waitalia? Mussolini hakutaka kuachwa nyuma. Mwaka 1941 alituma askari wapatao 60,000, na mwaka 1942 idadi ikapita 200,000, wakapangwa kando ya mto Don. Miongoni mwao walikuwa askari wa milimani, vijana wa Piemonte, Lombardia, Veneto na Friuli, wajukuu wa wajukuu wa wale waliosimama kulizunguka gari la ng'ombe pale Legnano, sasa wakipigana katika vita iliyopewa lakabu ambayo babu zao walimpa mtu aliyewabomolea nyumba. Wengi walifika na nyumbu wa kubebea mizigo na viatu visivyofaa kwa theluji ya nchi ile. Mbele yao palikwa na jeshi la vifaru, nyuma yao maili nyingi za uwanda mweupe. Katika Desemba 1942 na Januari 1943 Warusi walizivunja ngome za Don, na waliobaki hai walirudi kwa miguu. Makumi ya maelfu hawakurudi. Divisheni ya Cuneense, ya vijana wa milima ya Piemonte, karibu yote ilipotea, na kulikuwa na vijiji ambavyo mwaka ule havikubaki na kijana wa kuoa. Waitalia hawaiiti vita ile Barbarossa. Wanaiita kampeni ya Urusi tu, na wazee walioirudia kwa miguu, walipoulizwa, waliitaja kwa jina la mto.